Kuwasha Gari Kupitia Dirishani

Shamba la Trezise, Kimba
Australia Kusini
5 Septemba 1993

Kaka Jory,

Nakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kile kitabu kinene ninachosoma kwenye basi la shule, chenye jalada la atlasi, si atlasi. Ni kitabu chako cha ufundi wa magari, kile ulichokiacha chini ya kitanda. Nimekisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nikakirudia. Wenzangu wanasoma hadithi za mapenzi, mimi nasoma jinsi ya kushusha giaboksi. Kila picha naijua. Lakini sijawahi kushika spana, kwa sababu naogopa kwamba nikigusa kitu chenyewe kitaniumbua. Ukimwambia mtu nitakana.

Nakuambia leo kwa sababu Malkia amekufa. Injini yake ni nzima, zilizokufa ni gia zake za otomatiki. Jumatatu Baba alimwasha kama unavyomjua: yeye amesimama nje, mkono mmoja kaupenyeza dirishani kugeuza ufunguo, mkono wa pili una kikombe. Akamwacha apate joto huku anamalizia chai. Tulipoingia akaweka gia ya mbele. Injini ikanguruma, gari likabaki pale pale kama ng'ombe aliyegoma. Akajaribu ya nyuma. Wapi! Fundi wa mjini alikuja, akanusa mafuta ya gia, akatikisa kichwa kama daktari kwenye sinema. Alichomwambia Baba sikukisikia. Baba alivaa kofia akaenda kwa kondoo.

Unajua maana yake. Basi la shule halifiki huku kwetu, Malkia ndiye anayenipeleka kulingoja barabara kuu, na lori la ngano halina ruhusa ya kupita huko. Baba ameshamwandikia Shangazi Wenna kwamba muhula ujao nihamie kwake Port Augusta, nisomee huko. Shangazi ni mwema, sina neno naye. Lakini tangu Mama afariki, na tangu wewe uondoke, mezani tumebaki wawili. Nikiondoka na mimi, Baba atakuwa anakula na redio.

Nimewaza hivi. Pikapu yako bado iko bandani tangu siku ile ulipoipindua. Mbele imepondeka, lakini giaboksi yake ya mkono haina kasoro, na injini yake na ya Malkia ni pacha. Kitabu kinasema inaingia. Juzi nilijikaza nikamwambia Baba.

"Baba, giaboksi ya pikapu inaweza kuingia kwa Malkia."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Na kitabu ndicho kitakacholala chini ya gari?"

"Nitalala mimi."

Akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. "Si yangu kuitoa," akasema. "Ile ina mwenyewe. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza mwenyewe.

Mdogo wako,
Tamsin


Kambi ya utafutaji dhahabu
Mashariki ya Kalgoorlie
16 Septemba

Profesa,

Nimecheka mpaka mpishi wa kambi kaja kuchungulia kama nimeumwa na nyoka. Atlasi! Na mimi nilikuwa nawasifia watu hapa kwamba mdogo wangu anajua mito yote ya dunia.

Chukua giaboksi. Chukua na pedali, waya wa klachi, flaiwili, propela shafti, chukua kila unachotaka. Sivihitaji tena. Nilidhani mzee aliiuza zamani. Mwambie mabaki ayauze chuma chakavu, banda lipate kupumua. Aliniambia nisishike tena usukani kwenye shamba lake, na mimi kijana mtiifu. Huku natembea kwa miguu nyuma ya mashine ya kuchoronga miamba, inanitosha.

Sasa sikiliza, maana kitabu hakikufokei na mimi nakufokea. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Panga mataruma ya reli, yako nyuma ya tangi la maji. Halafu kuna beringi ndogo inayokaa mwisho wa kranki, inayoshika ncha ya giaboksi. Gari la otomatiki halina beringi hiyo. Nunua mpya uipachike kabla ya yote. Wengi huisahau, wakamaliza kazi, wakaanza kulia. Na klachi pleti ina uso na kisogo, iangalie kabla ya kukaza.

La mwisho: usifanye peke yako. Najua kuomba msaada kwako ni sawa na kunywa mafuta ya breki. Omba.

Ndege ya posta inatua hapa Alhamisi tu. Simu iko kituo cha mafuta, mbali, na hata nikipiga atapokea yeye. Kwa hiyo usitegemee majibu ya haraka.

Jory


Kimba
26 Septemba

Kaka Jory,

Barua yako nilimsomea Baba mezani. Nakiri niliruka sehemu mbili, ile ya chuma chakavu na ile ya usukani. Nilipomaliza akauliza, "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Hajaandika mengi."

"Ana kazi nyingi, Baba."

Akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Niliziruka kwa sababu wewe huoni ninachokiona mimi. Pikapu haikuuzwa na haitauzwa. Baba ameifunika turubai na kuifunga kamba pande zote. Kila mwanzo wa mwezi anaingia bandani na pampu ya mguu, anajaza upepo matairi yote manne. Gari halina hata radieta ya kupoza injini! Siku moja nilimwuliza sababu. Akasema, "Tairi likikaa bila upepo linaoza."

Sasa kazi. Tuko likizo, kwa hiyo kila siku tangu asubuhi niko chini ya gari. Siku ya kwanza nilishinda na bolti moja. Nilikuwa naizungusha kwa upole, kama mtu anayebisha hodi. Nikasikia buti za Baba, zikasimama karibu na kichwa changu.

"Unaibembeleza?"

"Naogopa kuivunja."

"Hiyo imekaa hapo tangu kabla hujaanza shule. Haiwezi kukusikia. Ikalipie."

Akaninyooshea bomba la kuongezea urefu wa spana, akaondoka. Bolti ikatoka. Jory, nilikaa mle chini natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Kushusha giaboksi ya zamani sikuweza peke yangu, nikakumbuka ulichosema. Nilizunguka nyumba mara kadhaa kwanza. Kisha nikamkuta Baba anafunga waya wa uzio, nikasema haraka haraka, bila kituo, "Baba-naomba-unisaidie-ni-nzito." Akaweka koleo chini. Akaja. Tangu siku hiyo tunalala chini ya Malkia wawili, bega kwa bega, na nadhani amenizungumzisha zaidi kuliko mwaka mzima. Ni kweli mengi ni "shika," "legeza," na "hapo hapo," lakini nayahesabu.

Beringi ndogo nimeipachika. Klachi pleti tuliiweka katikati kwa mpini wa ufagio. Baba aliuchonga kwa kisu, mimi nikauzungushia utepe mpaka ukalijaza tundu barabara. Giaboksi yako ilikataa kuingia, tukaipandisha na kuishusha kwenye jeki, Baba akiiita majina ambayo hayamo kitabuni. Mara ikateleza ikakaa, kwa sauti ndogo tu. Nilipotoboa sakafu ili mkono wa gia utokeze nililia kidogo, kwa sababu tundu halirudi. Ndani ya Malkia sasa kuna pedali tatu.

Waya za umeme nilifunga mimi mwenyewe. Otomatiki ilikuwa na swichi yake kwenye giaboksi: gari halikubali kuwaka mpaka gia iwe huru au iwe kwenye kuegesha. Swichi ile imeondoka na giaboksi ya zamani, kwa hiyo stata, ile mota ya kuwashia injini, haikuzunguka kabisa. Kitabu kinasema unganisha waya zake mbili, basi. Nimeziunganisha, na stata sasa inazunguka wakati wowote. Ni waya mbili tu, lakini nilijivunia hizo kuliko kazi nyingine yote.

Waya wa klachi wa pikapu umeliwa na kutu, tumeagiza mpya. Tumepanga Malkia atembee Jumamosi ya tarehe tisa. Akitembea, Baba amesema atamwandikia Shangazi barua ya pili.

Tamsin


Kambini
7 Oktoba

Tamsin,

Naandika mbio, rubani anapakua masanduku, nataka aondoke na barua hii.

MWAMBIE BABA ASIWASHE GARI KUPITIA DIRISHANI. Acha kusoma, kamwambie, kisha rudi.

Ile swichi uliyoiruka ndiyo iliyokuwa inamlinda miaka yote. Otomatiki ilikuwa haiwaki mpaka iwe huru, ndiyo maana aliweza kusimama nje na chai yake. Sasa gari litawaka hata likiwa kwenye gia, na likiwaka kwenye gia linaruka. Handibreki ya Malkia unaijua, haizuii hata mkokoteni. Mtaliegesha kwenye gia, atakuja asubuhi na kikombe chake, ataingiza mkono. Mkono wake utakuwa ndani na miguu nje.

Kosa si lako. Kitabu kimeandikiwa watu wanaoketi kwanza ndipo wakawasha. Hakikumwandikia Baba.

Kuhusu matairi. Hukuwahi kuniambia. Nimeisoma sehemu hiyo nimekaa juu ya ndoo, na wenzangu wamenipita bila kunitania, kwa hiyo sijui uso wangu ulikuwaje. Siku ile nilipopinduka alikuja mbio kutoka shamba la chini, akanikuta nimekaa kwenye jiwe. Hakuniuliza hata kama nimeumia. Alisema lile neno la usukani tu. Nikaamini amenifuta. Angeniita ningekuja siku hiyo hiyo. Lakini yeye haiti na mimi siombi, tumetoka kiwanda kimoja.

Rubani anawasha injini.

Jory


Kituo cha mafuta, barabara ya mashariki
9 Oktoba

Tamsin,

Ndege ilipopaa ndipo nikapiga hesabu. Barua haiwezi kufika kabla ya Jumamosi. Nimeomba lifti mpaka hapa kwenye simu. Nimepiga tangu asubuhi. Haiiti. Si kwamba hampokei, laini yenyewe imekufa. Mwanamke wa hapa amenipa chai na kuniambia simu za mashambani hukatika ovyo. Nimemwitikia, kisha nikapiga tena.

Kuna dereva wa lori anavuka jangwa la Nullarbor kwenda upande wa kwenu. Ana kiti kimoja. Bosi nimemwachia ujumbe. Barua hii naituma ingawa labda nitaipokea mwenyewe, kwa sababu nisipoandika nitaendelea kupiga simu iliyokufa.

Tafadhali muwe wazima.

Jory


Kimba
12 Oktoba

Kaka Jory,

Kwanza kabisa: hakuna aliyeumia. Baba mzima, mimi mzima, kuku wote wapo. Sasa soma polepole.

Waya wa klachi uliwahi kufika, kwa hiyo tulishindwa kusubiri, tukamtoa Malkia Ijumaa. Baba akaendesha mpaka geti kuu, akarudi, akashuka, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kanisani. "Anabadilisha gia vizuri," akasema. Tulikula pasti za mjini, zile andazi zenye nyama ndani, kusherehekea, na Baba akamwandikia Shangazi Wenna papo hapo, bado ana grisi mikononi. Bahasha ina alama ya kidole gumba.

Mimi ndiye niliyemwegesha mbele ya nyumba. Handibreki ni mbovu, nami nakumbuka kitabu: acha gari kwenye gia ya kwanza. Nikaliacha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni. Kupitia dirisha nikamwona Baba anatoka na kikombe chake, anakwenda kwa Malkia, anaingiza mkono. Nakumbuka niliwaza, leo jua zuri. Ndipo Malkia akaruka. Nilimwona Baba anavutwa hatua mbili tatu huku mkono umeshikwa dirishani, kikombe kikaruka juu, kisha akaanguka na vumbi likamfunika. Malkia akaendelea na safari yake bila mtu, polepole, kama bibi anayekwenda sokoni. Akapita katikati ya banda la kuku, akagonga nguzo ya simu, akazimika. Nguzo ilikuwa imeliwa na mchwa miaka yote, tulikuwa hatujui. Ikalala chini na waya wake.

Jory, kutoka jikoni mpaka pale si mbali. Lakini niliwaza njia nzima kwamba nimemwua kwa waya mbili.

Nilipofika alikuwa amekaa vumbini, miguu mbele, kofia mapajani. Unajua nilisema nini? Sikumwuliza kama ameumia. Nilipiga kelele, mimi ambaye mwalimu huniomba nirudie jibu. "Una wazimu? Nani anawasha gari yuko nje? Hutagusa tena ufunguo wa gari hili!"

Baba akalitazama gari, akatazama kuku mmoja aliyesimama juu ya boneti. "Basi, gari linakwenda," akasema.

Nikaketi karibu naye. Akanyoosha mkono, akaukunja, akanionyesha vidole vyote. Mchubuko tu.

"Nani aliliacha kwenye gia?" akauliza.

"Mimi. Kitabu kilisema."

"Na nani aliliwasha akiwa nje?"

"Wewe."

"Basi tumegawana." Akapangusa vumbi kwenye kofia. "Uliogopa."

"Sana."

"Na kilichokutoka mdomoni ni ufunguo."

"Nisamehe, Baba."

"Sikulaumu." Alikuwa anaangalia banda la pikapu. "Mimi kilinitoka cha usukani."

Akavaa kofia. Tuliinuka tukaanza kukimbizana na kuku.

Malkia amepata kovu kwenye bampa, basi. Nimefunga swichi kwenye pedali ya klachi, iko ukurasa ambao nilikuwa nimeusoma na kuudharau: sasa hawaki mpaka klachi ikanyagwe hadi chini, na mtu aliyesimama nje hawezi kuikanyaga. Watu wa simu wamesema watakuja baada ya mwenye nguzo nyingine kama yetu.

Leo mchana tarishi kaleta barua yako ya tarehe saba. Niliisoma barazani, nikafika kwenye herufi zako kubwa, nikaanza kucheka na kulia pamoja. Baba akauliza kuna nini. Nikampa. Safari hii sikuruka kitu, nilimpa karatasi yenyewe. Aliisoma amesimama. Alipofika chini alirudi juu. "Kumbe ametuonya," akasema.

"Siku tatu baada ya ajali."

Akacheka, Jory! Cheko lile la zamani, la kushika mbavu. Kisha akaikunja barua akaitia mfuko wa shati, hakunirudishia. Akaingia bandani. Niliposogea nikaona amefungua kamba na kuikunja ile turubai, pikapu iko wazi, naye anaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua hii, nimeketi kwenye ngazi ya baraza, Baba aliporudi kutoka bandani akasema, "Yule nani anayekuja kama ana kokoto kwenye kiatu?"

Naimalizia sasa ni jioni, wewe uko bafuni unaimba vibaya. Sitaituma, nitaiweka chini ya mto wako. Uliyaona kwa mbali tu, kwa hiyo nakuandikia yalivyokuwa kwa karibu.

Nilitazama barabara. Lori lilikuwa linaondoka getini na vumbi lake, na mtu mwenye begi begani alikuwa anafuata uzio. Nikasema, "Jory ndiye anayetembea hivyo."

Baba akavua kofia, akaivaa tena. "Ni mbali kwa mguu," akasema. "Kamchukue."

"Mimi? Peke yangu?"

"Si shamba letu? Mimi nabandika birika." Akafika mlangoni, akageuka. "Na mwambie..."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie pikapu yake inataka radieta na giaboksi."

Nikaweka kalamu juu ya karatasi, na jiwe juu ya kalamu. Nikaenda kwa Malkia, nikafungua mlango, nikaketi kwanza. Nikakanyaga klachi hadi chini, nikautikisa mkono wa gia kuhakikisha uko huru, ndipo nikageuza ufunguo. Nikaweka ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, nikaja kukuchukua.

Tamsin